Picha ya Mtoto kwa Baba Aliye Kazini

Tangu askari wa Uganda walipopelekwa Somalia mwaka 2007, wako akina baba wengi ambao huwaona watoto wao wakikua kwa njia ya picha tu. Mama aliyebaki Mafubira, kando ya mji wa Jinja, hana budi kuchagua: ampige mtoto picha akiwa amesimama wima na nguo za sikukuu, au ampige akicheza uani bila kujua?

Desturi ya kusimama wima ina asili yake. Zamani za filamu, mkanda wa milimita 35 ulitoa picha 36, na ule wa namba 120 ulitoa picha 12 tu za mraba. Kila picha ilikuwa na gharama yake ya kusafishwa na kuchapishwa. Tena, penye mwanga hafifu kamera ilihitaji muda mrefu zaidi kupokea nuru. Mtoto akitikisa kichwa, uso ulitoka kama ukungu. Ndiyo sababu aliamrishwa kutulia.

Picha hiyo isidharauliwe. Ikipigwa kila mwaka mbele ya mlango ule ule, baba huona dhahiri mwanawe ameongezeka kimo kiasi gani. Lakini haimwelezi tabia yake. Namna mtoto anavyouma ulimi akifunga kamba za viatu, au anavyocheka na pengo la jino, hayo ndiyo baba anayoyakosa.

Siku hizi simu hupiga picha nyingi bila filamu, hivyo haraka si lazima. Mpigaji achuchumae, macho yake yalingane na ya mtoto, wala asimwite jina. Asubuhi na jioni mwanga ni mwororo. Jua la adhuhuri hutia kivuli machoni. Apige kadhaa, kisha achague moja.

Hata hivyo, uhuru huo una mpaka. Mtoto asipigwe picha akioga wala akiadhibiwa, kwani naye ana heshima yake. Na wanaokaa kambini watazame nyuma ya mtoto: lango, silaha na magari ya jeshi si mambo ya kusambazwa.

Basi, zitumwe picha zote mbili, pamoja na tarehe na umri wa mtoto. Ya kwanza itamwonyesha baba jinsi mwanawe alivyokua. Ya pili itamzuia asirudi nyumbani kama mgeni.