Dalali wa kiwanja nyumbani: akusaidie wapi, na wapi usimwachie peke yake

Dada yetu mmoja anayefanya kazi za ndani Ibra alikuwa anaweka riali 40 kila mwezi. Miezi 24, riali 960. Riali moja ni kama dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo mkononi alikuwa na karibu dola 2,500. Dalali akamtumia picha za kiwanja kwa WhatsApp, Kiswahili kitamu, "dada" kila sentensi, halafu akamalizia: kuna mtu anakuja kulipa kesho. Dada akatuma hela yote siku ileile. Mdogo wake alipokwenda kuangalia, alikuta watu wengine wawili wana karatasi za kiwanja hichohicho.

Hatuandiki haya ili mchukie madalali. Hapa Oman mgeni ananunua nyumba hasa kwenye miradi maalumu ya kitalii, na bei zake si za mshahara wetu. Kwa hiyo wengi wetu tunanunua nyumbani, na aliye Sur au Nizwa hawezi kuzunguka Kigamboni au Kilifi kutafuta kiwanja. Anahitaji mtu. Swali ni mtu huyo afanye nini, na nini asifanye.

Lugha moja haitoshi

Ukisikia Kiswahili ugenini moyo unalainika. Tunajua hilo vizuri hapa Sharqiyah, ambako wazee wengi wana asili ya Zanzibar na bosi anaweza kukuamkia kwa Kiswahili safi. Hata Wakorea walioko Los Angeles wanapenda dalali anayesema Kikorea, maana anawaeleza mkataba neno kwa neno. Lakini kule California dalali lazima awe na leseni ya jimbo. Lugha inamfanya aeleweke, leseni ndiyo inambana.

Kenya nako sheria inataka wakala wa ardhi na nyumba awe amesajiliwa na bodi yake, basi muulize namba ya usajili. Tanzania, dalali wa mtaani mara nyingi hana leseni wala ofisi. Kinachokulinda hapo ni karatasi na mashahidi.

Kazi ya dalali, na "cha juu"

Dalali anajua nani anauza, anakutembeza (au anamtembeza ndugu yako), anajua bei za mtaa na anakukutanisha na mwenye mali. Hapo ndipo kazi yake inapoishia. Yeye si mwenye kiwanja, si wakili, na si benki yako.

Malipo yake ni mapatano. Wengine wanaomba hadi asilimia 10 ya bei. Kubalianeni mapema, tena kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu. Na jihadhari na cha juu: mwenye kiwanja anataka milioni 8, dalali anakwambia 10, mbili zinabaki mfukoni mwake na bado anadai asilimia zake. Dawa yake ni moja: ongea na muuzaji mwenyewe kabla ya kulipa. Dalali akikataa kabisa usimsikie muuzaji, achana naye.

Karatasi za kukagua

Tanzania Bara, uliza kwanza kiwanja kimepimwa au hakijapimwa. Kama kina hati, chukua namba ya kiwanja na kitalu, na mtu wako aombe upekuzi ofisi ya ardhi. Majibu yataonyesha jina la mmiliki na kama benki imekishika kwa mkopo. Kama hakijapimwa, nenda serikali ya mtaa au ya kijiji, na uulize majirani wa pande zote nne. Majirani wanajua kesi ambazo dalali hazitaji.

Kama ni mali ya urithi, anayeuza aonyeshe barua ya mahakama inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa peke yake hatoshi. Kama ni nyumba ya ndoa, mume au mke wa muuzaji lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda.

Kenya, fanya upekuzi kwa namba ya hati: Nairobi kupitia Ardhisasa, kwingine uliza kwanza ofisi ya ardhi ya eneo hilo. Ardhi ya kilimo inahitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Weka akiba ya ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, 2 shambani. Utahitaji na PIN ya KRA.

Zanzibar, ardhi ni mali ya serikali na unachonunua ni haki ya kuitumia. Usiruke ofisi ya sheha.

Mtu wako wa nyumbani

Hapa ndipo wengi tunaumia bila dalali kuhusika. Unamtuma kaka, kaka anaandika jina lake "kwa sababu haupo". Ukirudi, kiwanja ni chake kisheria. Mnunuzi kwenye mkataba awe wewe, jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Kama mtu atasaini kwa niaba yako, mpe hati ya uwakilishi inayosema kiwanja kipi na kazi ipi tu, usimpe ya jumla. Ubalozi wa Tanzania na wa Kenya wote wako Maskati, na kutoka Sur au Nizwa ni safari. Omba ruhusa kwa bosi mapema, na kama pasipoti iko kwake, iombe mapema pia.

Hela itoke vipi

Tuma kwenye akaunti yenye jina lako nyumbani, na tunza kila risiti. Pesa ya kiwanja iende benki kwa muuzaji, isipitie simu ya dalali. Toa kwanza kiasi kidogo kwa maandishi, kilichobaki ulipe siku ya kusaini mbele ya wakili na mashahidi. Wakili huyo umchague wewe, asiwe wa dalali. Dalali alipwe mwisho, kazi ikishakamilika.

Na ile "kesho anakuja mwingine"? Mwache aje. Kiwanja kingine kitapatikana ndani ya mwezi au miwili. Riali 960 za yule dada ni miaka miwili ya kuamka alfajiri, na sasa anaanza kuzitafuta upya.