NYUMBA YA UDONGO NA TETEMEKO LA ARDHI

Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa. Nyumba nyingi zilibomoka au kupata nyufa. Mara nyingi tetemeko lenyewe haliui watu. Kinachoua ni kuta na mapaa yanayowaangukia.

Kwa nini ukuta wa udongo huanguka? Udongo ukigandamizwa una nguvu. Ukivutwa, hukatika. Tetemeko huusukuma ukuta huku na huku. Ufa huanza kwenye pembe za nyumba na za madirisha. Mwisho kuta huachana, paa likashuka.

Siku hizi kuna nyumba za udongo zinazojengwa na roboti, yaani mashine inayofuata maagizo ya kompyuta. Moja inaitwa TECLA. Ilimalizika mwaka 2021 katika mji wa Massa Lombarda, nchini Italia. Mashine ilimimina udongo laini kwa bomba, ikizunguka tabaka juu ya tabaka. Hebu mfikirieni mfinyanzi anayepandisha chungu kwa kamba za udongo. Ndivyo ilivyokuwa. Matabaka 350 yaliwekwa kwa saa 200 tu, na udongo ulipatikana karibu na hapo.

Nyumba hiyo ni ya mviringo. Umbo hilo ni zuri, maana halina pembe za kuachana. Lakini tusidanganyike. Udongo uliomiminwa na mashine bado ni udongo, ukivutwa utakatika. Lazima ushikwe na kitu kinachovumilia kuvutwa, kama vile mbao, mianzi au nondo.

Basi, jambo hilo halimngojei roboti. Sisi wenyewe tunaweza kufanya haya:

1. Tujenge nyumba fupi, yenye kuta nene na msingi imara.
2. Matofali yapishane vizuri, hasa kwenye pembe.
3. Milango na madirisha viwe vidogo, tena mbali na pembe.
4. Juu ya kuta tuzungushe mkanda mmoja wa mbao au zege, usiokatika popote.
5. Paa liwe jepesi, na lifungwe kwenye mkanda huo.

Mwenye nyumba ya miti na udongo asiidharau. Fito zilizofungwa vizuri hushika udongo. Ila azuie mchwa, maana miti ikiliwa, nguvu hiyo imekwisha.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini nyufa huanzia kwenye pembe?
2. Je, nyumba yako ina mkanda juu ya kuta?
3. Kijiji chenu kina vifaa gani vya kutengenezea mkanda huo?