Hisa zisizo na gawio

Mwishoni mwa 1999 majina mawili yaliyopishana kwa herufi moja yalikutana mahakamani Los Angeles. eToys lilikuwa duka la midoli la mtandaoni lililoingia soko la Nasdaq Mei mwaka ule. Hisa iliyotolewa kwa dola 20 ilifunga siku ya kwanza juu ya dola 76. etoy lilikuwa kundi la wasanii kutoka Zurich, nalo pia liliuza hisa. Tofauti ni kwamba halikuwa na kingine cha kuuza.

Kundi hilo lilianza 1994. Vijana wake walinyoa vipara, wakavaa jaketi za rangi ya chungwa na kuacha majina yao yamezwe na jina la kampuni. Turubai yao ilikuwa hati ya hisa: mnunuzi hupata picha ya kutundika ukutani pamoja na kipande cha umiliki, na fedha zake huendesha kazi inayofuata. Asubiri gawio la fedha? Asahau.

Kwetu wasanii wakijikusanya hukimbilia ushirika, kama walivyofanya wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam mwaka 1990. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja. Kwenye kampuni, mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti, na etoy walilichukua umbo hilo makusudi, kwa sababu ndilo walilotaka kulichora.

Anwani ya etoy.com ilisajiliwa 1995, miaka miwili kabla ya ile ya duka. Hata hivyo duka lililalamika kwamba wateja wanaosahau herufi ya mwisho wanaangukia kwa wasanii. Likatoa ofa ya fedha na hisa, jumla karibu dola nusu milioni. Wasanii wakakataa, na tarehe 29 Novemba mahakama ikawazuia kwa muda kuitumia anwani yao wenyewe.

Ndipo ikaanza Toywar, vita iliyoendeshwa kama mchezo wa kompyuta. Aliyejiunga alipewa kazi: kuandikia wanahabari, kuwachokoza wawekezaji kwenye mabaraza yao, kuilemea tovuti ya duka katika msimu wa Krismasi. Ujira wake ulikuwa hisa za etoy. Bei ya hisa za eToys, iliyokuwa dola 67 hivi mwezi Novemba, ilishuka chini ya dola 20 kabla Januari haijaisha.

Wasanii walijitapa kwamba hilo ndilo onyesho la gharama kubwa kuliko yote katika historia ya sanaa: dola bilioni 4.5 zilizoyeyuka katika thamani ya hisa za duka. Hapo wametia chumvi. Duka lilikuwa likila hasara kabla hata ya ugomvi, likimwaga fedha kwenye matangazo na maghala, na wawekezaji walishaanza kutafuta njia ya kutoka. Vita iliwakuta mlangoni.

Januari 2000 eToys ilifuta kesi na kulipa dola 40,000 za gharama za wapinzani wake. Machi 2001 ikafilisika. etoy iliendelea kuuza hisa, na mwaka 2005 ikaanzisha mradi wa kutunza kumbukumbu za kidijitali za watu baada ya kufa, sehemu yake ikiwa kontena la futi 20 lililogeuzwa kaburi. Huduma haina tarehe ya mwisho, na mteja akishaanza kuitumia hawezi tena kutumiwa bili.