Je, Wajua? Ua hupigwa picha, na bado huchorwa
Je, wajua kwamba Curtis's Botanical Magazine, jarida la mimea lililoanzishwa London mwaka 1787, mpaka leo huchapisha michoro ya rangi za maji iliyochorwa kwa mkono? Wala si ushamba. Kamera hunasa ua moja, kwa siku moja, pamoja na jani lililotobolewa na mdudu. Mchoraji huweka ua, tunda na mbegu iliyopasuliwa kwenye ukurasa mmoja, hata kama vilipatikana miezi tofauti, na vinyweleo vya jani vikaonekana wazi. Wakati mwingine mbele yake ana mmea uliokaushwa tu, uliokwisha kupauka. Hapo ndipo picha ya kidijitali iliyopigwa porini humwokoa, kwa ajili ya rangi.