Lupa ya Ovaloki: Kuitenga ni Rahisi, Kuirudisha Kuna Wakati Wake

Chukua fulana iliyoshonwa kiwandani yenye mshono ubavuni, uigeuze ndani nje. Ubavuni utaona ukingo wa kitambaa umevikwa nyuzi zilizosukana ili usifumuke. Mafundi huuita mshono huo ovaloki. Shuka hadi kwenye pindo. Huko kwa nje kuna mistari miwili inayokwenda sambamba, na kwa ndani kuna wavu wa uzi unaoiunganisha. Huo ni mshono wa kufunika. Katika viwango vya kimataifa vya ISO 4915, ovaloki ya nyuzi tatu ni mshono namba 504, na huu wa pindo wenye sindano mbili ni namba 406.

Kiwandani kila mshono una mashine yake. Zipo hata hivyo mashine ndogo za nyumbani zinazoshona yote miwili. Ili ziweze kufanya hivyo, kuna kiungo kimoja ambacho lazima kisimame huku vingine vikiendelea kukimbia. Kiungo hicho ni lupa ya juu, na namna kinavyosimamishwa na kurudishwa kazini inafaa kujulikana na kila anayeimiliki mashine hiyo na kila fundi anayeitengeneza.

Lupa ni kipande cha chuma kilichopinda, chenye ncha mbele na tundu la kupitishia uzi. Cherehani ya kawaida hufunga mshono kwa uzi wa bobini. Ovaloki haina bobini, nyuzi zake zote hutoka kwenye koni. Sindano ikishafika chini na kuanza kupanda, uzi wake hulegea kidogo na kufanya kitanzi. Hapo lupa ya chini hutokea kushoto, ikapenya ndani ya kitanzi hicho. Lupa ya juu nayo hupanda kutoka kulia, hupita nyuma ya lupa ya chini, huuchukua uzi wa lupa hiyo, kisha hupanda juu ya bamba la sindano kwa kuuzunguka ukingo wa kitambaa. Sindano inaposhuka tena huukuta uzi wa lupa ya juu umetandazwa njiani, ikaubana. Mshono mmoja umekamilika.

Mashine ya nyumbani ya aina hii inaweza kushona mishono 1,300 kwa dakika, yaani zaidi ya 20 kwa sekunde. Kwa kawaida nafasi inayobaki kati ya ncha ya lupa ya chini na sindano ni sehemu ya kumi ya milimita, au chini ya hapo. Hakuna anayemngoja mwenzake. Kila kiungo hufika kwa wakati wake kwa sababu vyote vinaendeshwa na shafti moja.

Sasa tuje kwenye pindo. Hapa hatushoni ukingoni, tunashona katikati ya kitambaa. Kisu kimeshushwa, na kitambaa kimetanda hadi kulia kwa sindano, mahali penyewe ambapo lupa ya juu hupandia. Ikiachwa iendelee, itakigonga kitambaa kutoka chini. Kutoa uzi wake peke yake hakusaidii, kwa kuwa chuma bado kinapanda. Ni tofauti na ovaloki ya nyuzi mbili, mshono namba 503. Huko lupa ya juu haina uzi, lakini ni lazima iendelee kucheza, ikiwa imevalishwa kibanio kidogo kinachoziba tundu lake ili iunase uzi wa lupa ya chini na kuupeleka kwa sindano. Kwa mshono wa kufunika, lupa ya juu husimama kabisa, na kazi ya chini ya bamba hufanywa na lupa nyingine, ya mshono wa mnyororo.

Kuisimamisha si jambo gumu. Lupa imefungwa kwenye mkono wa chuma, na mkono huo husukumwa na wenzo unaopata mwendo wake kutoka kwenye shafti kuu. Watengenezaji hutofautiana katika umbo, lakini mpangilio mmoja unaotumika ni wa pini yenye springi inayouunganisha mkono na wenzo. Ukizungusha kitufe, pini huchomoka; wenzo huendelea kucheza peke yake, na lupa hulazwa chini ya bamba, mahali ambapo haimgusi yeyote.

Ugumu uko kwenye kurudi. Linganisha na cherehani nyeusi ya Singer iliyojaa majumbani mwetu. Ukilegeza skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu, gurudumu hujaza bobini huku sindano imetulia. Ukiikaza tena popote gurudumu lilipo, hakuna kinachoharibika, kwa sababu sindano na kibebea bobini vilisimama pamoja, na mapatano yao hayakuvunjika. Lupa ya juu husimama peke yake huku sindano ikiendelea. Ikirudishwa popote tu, itafika mapema au itachelewa, na chuma kitagonga chuma. Ni kama mtoto anayeingia kwenye kamba inayozungushwa na wenzake: nguvu ya kuruka anayo, lakini asipoingia kwa wakati wake kamba itampiga.

Ndiyo maana wabunifu hawakutumia msuguano hapa, kama ule wa skrubu ya Singer. Pini huingia kwenye tundu lake pale tu mkono na wenzo vinapolingana sawasawa. Kwingine kote pini hukutana na chuma kitupu, hairuhusiwi. Mtumiaji akiona kitufe hakigeuki, asidhani mashine imeharibika. Mashine inamkatalia kosa.

Kwa hiyo, zima umeme kwanza. Zungusha gurudumu kwa mkono, kuelekea kwako, hadi alama zilizowekwa na mtengenezaji zikutane. Ndipo ugeuze kitufe. Kisilazimishwe kwa koleo. Unapoirudisha lupa, hakikisha pini imezama yote, kisha zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mmoja mzima. Likikwama, simama uangalie. Mashine nyingi za aina hii zina swichi inayokata mota mlango wa mbele ukiwa wazi. Isichezewe, inalinda vidole.

Kwa mafundi nina ombi moja zito. Mashine ikiletwa inaruka mishono au inavunja sindano baada ya kubadilishwa kutoka pindo kwenda ovaloki, msikimbilie kulegeza skrubu za lupa. Taimingi iliyopangwa kiwandani ikishapotea, kuirudisha kunahitaji vipimo na subira nyingi. Angalieni pini kwanza. Ikiwa imeingia nusu, kosa liko hapo, na kulirekebisha hakuhitaji hata bisibisi. Mfundisheni hivyo pia mwanafunzi wenu kabla hamjamkabidhi boksi la vifaa.