Sevleti, Ritifaa na Maneno ya Wavuvi wa Rumonge

Mwanafunzi wa isimu anayeshuka Rumonge, kusini mwa Bujumbura kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, hurudi na daftari lililojaa msamiati wa uvuvi. Atakuta kwamba samaki aitwaye mukeke huko Burundi, Kigoma huitwa mgebuka, na kwamba ndagala wa Rumonge ndiye dagaa wa Tanzania. Maneno haya yakibaki daftarini, hupotea pamoja nalo. Yakiwekwa kwenye intaneti, mwalimu wa Kigoma au Uvira ataweza kuyatafuta. Makala haya yanaeleza chombo kimoja kinachoweza kufanya kazi hiyo, yaani sevleti ya Java, na mahali ambapo mtu wa lugha hana budi kuingilia kati.

Sevleti ni nini?

Sevleti ni programu ndogo iliyoandikwa kwa Java na kukaa kwenye seva ikingoja maombi. Haijiendeshi yenyewe, bali huendeshwa na programu nyingine, kwa mfano Tomcat. Msomaji anapoandika neno na kubonyeza kitufe, Tomcat hupokea ombi na kulikabidhi kwa sevleti inayohusika. Sevleti hulitafuta neno katika hifadhidata, kisha hurudisha ukurasa wenye maana yake.

Tomcat itaijuaje sevleti inayohusika? Hapo awali kila anwani iliandikwa katika faili la web.xml. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2009, yatosha kuweka alama ya @WebServlet ndani ya programu yenyewe. Anayenakili mifano ya vitabu vya zamani akumbuke pia kwamba, kuanzia Tomcat 10, majina yaliyoanza na javax.servlet sasa huanza na jakarta.servlet.

Tatizo la ritifaa

Tuchukue neno ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa. Neno hili laweza kukwama mahali patatu.

Kwanza, katika lugha ya hifadhidata ritifaa huonyesha mwisho wa neno. Programu ikiunganisha ng'onda moja kwa moja na amri ya kutafuta, amri huvunjika. Tena wahalifu hupata mlango wa kuingilia. Dawa yake ni PreparedStatement, ambayo hutenganisha neno na amri.

Pili, programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, hivyo zote zigeuzwe kuwa moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

Tatu, ritifaa iliyopinda huharibika iwapo seva haisomi maandishi kwa mfumo wa UTF-8. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2017, mstari mmoja wa request-character-encoding katika web.xml hulimaliza tatizo hili kwa fomu zinazotumwa.

Hitimisho

Mtaalamu wa kompyuta asiyejua Kiswahili anaweza kuamua kuifuta ritifaa ili programu yake iende. Sisi twajua kwamba ng na ng' ni sauti mbili, na kwamba kamusi isiyomwona ng'ombe humfanya mwanafunzi adhani neno hilo halipo. Kwa hiyo, wanafunzi wetu, mkialikwa kujaribu kamusi yoyote ya mtandaoni, anzeni na ng'onda.