Hewa na Maji katika Bomba Moja: Namna ya Kutuliza Tangi la Samaki Linalonguruma

Tangi kubwa la samaki la nyumbani mara nyingi si tangi moja bali ni matangi mawili yaliyounganishwa kwa mabomba: la juu ni la kioo, ndimo wanamoishi samaki, na la chini hufichwa ndani ya kabati, ndimo vinamokaa vichujio, kipasha joto na vifaa vingine ambavyo mwenye nyumba hapendi vionekane. Maji ya tangi la juu yanapofikia kimo fulani hufurika kupitia ukingo wenye meno na kuangukia katika kisanduku kilichojengwa pembeni au nyuma ya tangi, ambacho katika makala haya kitaitwa kisanduku cha kufurikia; kutoka humo hushuka kwa bomba hadi tangi la chini, husafishwa, kisha pampu huyasukuma kurudi juu. Mzunguko huo hauna mwisho, na afya ya samaki huutegemea usiku na mchana.

Mpango huu unapendwa kwa sababu nzuri. Maji yanayofurika ni yale ya juu kabisa, kwa hiyo huondoka pamoja na utando wa mafuta na protini unaotanda usoni pa maji na kuzuia hewa safi isiingie. Kimo cha maji katika tangi la juu hakibadiliki hata maji yanapopungua kwa mvuke. Na kuanguka kwa maji huyaongezea oksijeni. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa jamii ya sikilidi kutoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa huuthamini hasa, kwa kuwa samaki hao wa mwambao wa miamba wamezoea maji maangavu yenye oksijeni nyingi, na tangi lililotuama huwadhoofisha upesi.

Hata hivyo, mpango huohuo una kero inayowafanya wengi wakate tamaa, nayo ni kelele. Bomba la kushushia maji huweza kukoroma, kunyonya hewa kwa sauti kali, au kufanya jambo baya zaidi: kunyamaza kwa sekunde chache, kufyonza maji kwa mkupuo mmoja mkubwa, kukohoa hewa, kisha kuanza upya, huku kimo cha maji katika kisanduku na katika tangi la chini kikipanda na kushuka bila kutulia. Wapo wanaotafuta utulivu kwa kupunguza kasi ya pampu, na kwa kufanya hivyo huwanyima samaki usafi wa maji ambao ndio uliowafanya waujenge mpango huo tangu mwanzo. Dawa hiyo ni mbaya na haihitajiki, kwa sababu chanzo cha kelele kinajulikana na marekebisho yake si ya gharama kubwa.

Chanzo chenyewe

Karibu kelele zote za bomba la kushushia maji hutokana na hewa na maji kugombania njia moja. Mtu anayemimina mafuta kutoka kwenye dumu lililojaa huliona jambo hilo waziwazi: mafuta hayatoki kwa ulaini bali kwa kugugumia, kwa kuwa hewa inayopaswa kuingia kujaza nafasi ya mafuta yaliyotoka hulazimika kupita mdomo uleule; akitoboa tundu dogo upande wa pili, mgogoro huisha na mafuta hutiririka kimya. Bomba la tangi la samaki hutawaliwa na kanuni hiyohiyo, ila hapa upo mwendo wa aina mbili ambao sharti utofautishwe.

Mwendo wa kwanza ni mtiririko wazi, ambapo maji huteremka yakiambaa kuta za bomba na katikati hubaki nafasi ya hewa. Mwendo wa pili ni sifoni kamili, yaani hali ambayo bomba zima, kuanzia mdomo wake ulio chini ya maji hadi mwisho wake, limejaa maji pasipo hewa yoyote, hivyo uzito wa maji yanayoshuka huyavuta yaliyo nyuma yake, na kanieneo ya hewa ya nje huyasukuma yaingie bombani. Mtiririko wazi wenye maji kidogo una utulivu, na sifoni kamili haina sauti kabisa. Kelele hukaa katikati, pale ambapo maji ni mengi mno kwa mtiririko wazi na ni machache mno kuilisha sifoni bila kukoma.

Hesabu ndogo inaeleza kwa nini hali hiyo ya katikati ni ya kawaida. Kwa kanuni ambayo Mwitalia Evangelista Torricelli aliichapisha mwaka 1644, kasi ya maji yanayotoka kwa nguvu ya mvutano wa dunia hufuata kipeuo cha pili cha kimo yanachoshuka, kwa maana kwamba ili kasi iongezeke mara mbili kimo lazima kiongezeke mara nne. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 25, linaloshusha maji kwa kimo cha sentimita 75, lingeweza kinadharia kupitisha zaidi ya lita 6,000 kwa saa likiwa sifoni kamili. Msuguano na viwiko hupunguza kiasi hicho sana, lakini tuseme zimebaki lita 3,000. Ikiwa pampu inarudisha lita 2,000 tu, sifoni inakula lita 1,000 zaidi ya inavyolishwa. Kisanduku cha sentimita 20 kwa 15 chenye sentimita 5 za maji juu ya mdomo wa bomba kina lita moja na nusu za akiba, na akiba hiyo huisha kwa sekunde tano hivi. Mdomo ukibaki wazi, hewa huingia kwa kishindo, sifoni hukatika, maji hujikusanya tena, na mzunguko huanza upya.

Mzunguko huo si kasoro ya kifaa bali ni tabia ya maumbile. Wakulima wa akwaponiki, yaani kilimo kinachounganisha ufugaji wa samaki na ukuzaji wa mboga, huutengeneza kwa makusudi kwa kutumia sifoni ya kengele, ili vitanda vya mimea vijae maji na kukauka kwa zamu. Kinachohitajika katika tangi la nyumbani, basi, ni kulichagulia bomba mwendo mmoja kati ya ile miwili na kulizuia lisiyumbe kuelekea mwingine.

Njia tatu za marekebisho

Njia ya kwanza inalifaa tangi lenye tundu moja tu la kushushia maji. Hujulikana kwa jina la Durso, kutokana na Mmarekani Richard Durso aliyeieneza miongoni mwa wafugaji wa viumbe wa baharini. Juu ya bomba lililosimama ndani ya kisanduku hufungwa kiungio chenye umbo la herufi T, ambacho mafundi bomba hukiita tii. Upande wake hufungwa kiwiko kinachotazama chini ili maji yaingilie chini ya uso wa maji pasipo kufyonza hewa, na kileleni huwekwa kifuniko chenye tundu dogo. Tundu hilo ndilo moyo wa kifaa, kwa kuwa huingiza hewa kwa kipimo na kulifanya bomba libaki katika mtiririko wazi. Likiwa dogo mno, bomba hujigeuza sifoni na mikupuo hurudi. Likiwa kubwa mno, sauti ya hewa husikika na maji hupanda kisandukuni. Kwa vile tundu lililotobolewa halipunguziki, ni busara kuanza na upana wa milimita 3 hivi na kuongeza kidogo kidogo, au kufunga mrija wa hewa wenye koki ndogo inayoweza kurekebishwa kwa vidole. Udhaifu wa njia hii ni kwamba pampu ikiwa na nguvu nyingi, hakuna tundu litakaloleta kimya cha kweli.

Njia ya pili, iitwayo Herbie, hutumia mabomba mawili. La kwanza huendeshwa kama sifoni kamili, na upande wake wa chini hufungwa vali inayobana mtiririko hadi ulingane na maji yanayoletwa na pampu. La pili, ambalo mdomo wake uko juu zaidi, ni la dharura. Tangi lenye matundu mawili, moja la kushushia na jingine la kurudishia maji, huweza kugeuzwa kwa mpango huu bila kutoboa kioo: bomba la kurudishia hupitishwa juu ya ukingo wa tangi, na tundu lake hupewa bomba la dharura. Faida hiyo si ndogo, kwa sababu kioo kigumu kilichopitishwa kwenye moto kwa ajili ya usalama hupasuka vipande vipande kikitobolewa.

Ugumu wa njia ya pili ni usahihi. Maji ya kisandukuni yakipanda kwa sentimita moja, kimo cha kushuka huwa sentimita 76 badala ya 75, na mtiririko wa sifoni huongezeka kwa chini ya asilimia moja, yaani lita 13 hivi katika 2,000. Sifoni, kwa hiyo, ina uwezo mdogo sana wa kujirekebisha yenyewe, na vali ikikosewa kidogo tu, maji hupanda polepole au hushuka hadi hewa iingie. Suluhisho ni kuibana vali kupita kiasi kidogo, ili mchirizi mwembamba ushuke bila sauti katika bomba la pili na kuyachukua mabadiliko hayo yote.

Njia ya tatu, inayojulikana kwa jina la BeanAnimal, ambalo ni jina la kujibandika la aliyeibuni, huyagawa majukumu hayo kwa mabomba matatu: moja ni sifoni kamili yenye vali, la pili ni la mtiririko wazi linalopokea mchirizi wa ziada, na la tatu ni la dharura, ambalo hukaa kavu siku zote. Kileleni mwa bomba la pili hufungwa mrija mwembamba wa hewa ambao ncha yake hukaa juu kidogo ya kimo cha kawaida cha maji. Sifoni kuu ikiziba, maji hupanda na kuifunika ncha hiyo. Bomba la pili hukosa hewa, hugeuka sifoni, na kuubeba mzigo wote kabla maji hayajafika kwenye bomba la tatu. Kwa tangi kubwa lililo sebuleni, juu ya sakafu inayoweza kuharibika, gharama ya bomba hilo la ziada ni ndogo kuliko hasara ya mafuriko.

Mambo madogo yenye uzito

Njia yoyote huharibika ikiwa ncha ya chini ya bomba imepuuzwa. Ncha ya sifoni izame sentimita 2 au 3 tu chini ya uso wa maji ya tangi la chini, kwani ikizama zaidi, hewa iliyomo bombani hushindwa kusukumwa nje na sifoni hukataa kuanza. Sehemu zinazolala bapa hunasa mapovu, kwa hiyo mteremko uwe wa kuendelea, na viungio vya nyuzi 45 vitumike badala ya viwiko vya nyuzi 90 panapowezekana. Kelele ya maporomoko ndani ya kisanduku, ambayo haihusiani na sifoni, hutulizwa kwa kurefusha bomba lililosimama ili maji yajae hadi karibu na meno ya ukingo na kupunguza kimo cha kuanguka.

Vali nayo huchaguliwa kwa uangalifu. Ile ya kugeuza robo mzunguko hufungua na kufunga kwa ghafla mno, ilhali vali ya geti, inayozungushwa mara nyingi ili bamba lake lipande au lishuke, huruhusu marekebisho madogo sana. Vali za geti zinazopatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya ujenzi aghalabu ni za shaba, nazo hazifai katika maji ya chumvi wala katika tangi lenye kamba au konokono, kwa kuwa madini hayo huwadhuru viumbe hao. Itafutwe ya plastiki. Bomba la dharura halifungwi vali kamwe.

Majaribio

Kazi haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka ipite majaribio mawili. La kwanza ni kuzima pampu, kama umeme unavyoweza kukatika wakati wowote, na kutazama kama tangi la chini linayapokea maji yote yanayorudi: tangi la juu lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 45, likishuka sentimita 3 tu, huteremsha lita 16, bila kuhesabu yaliyomo kisandukuni na mabombani. Pampu ikiwashwa tena, sifoni inapaswa kutoa hewa yake na kutulia yenyewe bila mkono wa mtu. Jaribio la pili ni kufunga vali kabisa huku pampu ikifanya kazi, na kuhakikisha kwamba mabomba yaliyobaki yanashusha maji yote kabla hayajafika ukingoni mwa kioo.

Baada ya hapo vali ikae ilivyo. Ikiwa itahitaji kufunguliwa kidogo zaidi kila baada ya majuma machache, ni dalili kwamba mwani au konokono wanalipunguza bomba, na dawa ni kulisafisha, si kuendelea kuigeuza vali. Katika tangi lililorekebishwa namna hii, sauti mpya ya maji haipaswi kuzoeleka: inaonyesha kwamba bomba la akiba limeanza kufanya kazi isiyokuwa yake, na mwenye tangi anayelifungua kabati lake siku hiyohiyo huwaokoa samaki wake pamoja na sakafu yake.